Kutoka Ondiri hadi Sabaki: kuufuata uchafu wa Mto Nairobi mpaka baharini

Mto Nairobi hauishii Nairobi. Unaanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unakatiza jiji, unaingia Mto Athi upande wa mashariki. Athi nao ukishakutana na Mto Tsavo hubadili jina ukaitwa Galana, na kabla ya kufika Bahari ya Hindi, kaskazini kidogo mwa Malindi, wenyeji huuita Sabaki. Kinachomwagwa soko la Gikomba, jijini Nairobi, kina njia ya wazi hadi ufuoni.

Safari hii ya kuupima uchafu huo, hasa kwa kuangalia wadudu wanaoishi majini, ilifanywa mwishoni mwa Januari, wakati wa kiangazi. Masika mto hujaa, uchafu ukachanganyika na maji mengi, na wadudu wakasombwa hata pale ambapo hakuna sumu. Yaliyomo humu yametolewa kwenye daftari la safari na picha.

Vifaa havikuwa vingi: wavu wa fremu ya sentimita 30 kwa 30 wenye matundu ya milimita 1, beseni jeupe la plastiki, lenzi ya mkononi, kibano, spiriti ya asilimia 70 ya kuhifadhia wadudu, mita ya oksijeni, mita ya pH (ukali wa asidi au magadi majini), mita ya kupima maji yanavyopitisha umeme, chupa za sampuli na kasha la barafu. Beseni lazima liwe jeupe. Kwenye beseni la bluu au la kijani nusu ya wadudu hawaonekani.

Jumatatu: Ondiri

Matatu ya Kikuyu asubuhi ilikuwa shilingi 100. Kutoka mjini Kikuyu hadi kinamasini ni mwendo wa miguu. Mafunjo na nyasi za Ondiri zimesukana zikawa tabaka linaloelea juu ya maji, na ukilikanyaga linatikisika. Asiye mwenyeji asilijaribu. Mzee mmoja aliyekuwa akikata nyasi za ng'ombe aliuliza tunatafuta nini. Aliposikia ni wadudu wa majini, aliacha panga lake, akatuazima buti za mpira na kutuongoza hadi chini, maji yanakotokea. "Shukeni mpaka penye mawe, wanangu," akasema. "Hapa kwenye matope hamtapata kitu."

Mzee alikuwa sahihi, na sababu yake inafaa kujulikana na kila anayepima mito. Maji yanayotoka kinamasini huwa na oksijeni kidogo kwa asili yake, kwa kuwa majani yanayooza humo huitumia. Ukipima pale pale yanapotokea utadhani pamechafuliwa. Shuka hadi maji yapite kwenye mawe na kuchanganyika na hewa, ndipo upime. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, kama wa Nairobi mjini, maji ya nyuzi 20 yaliyoshiba hewa hubeba takriban miligramu 7.4 za oksijeni kwa lita. Pwani, kwa joto hilo hilo, yangebeba 9.1. Mita inayosahihishwa Nairobi isahihishwe tena kila unaposhuka mwinuko, la sivyo itakudanganya kwa karibu sehemu moja ya tano.

Kazi ya wavu iko hivi. Utege mdomo wake ukielekea maji yanakotoka, simama mbele yake, sugua na kugeuza mawe kwa miguu dakika mbili, ili wanaong'oka wachukuliwe na maji hadi wavuni. Kisha pitisha wavu kwenye mimea ya ukingoni kama mita mbili, na umalizie kwa kuvuruga mchanga na matope dakika moja. Mimina yote kwenye beseni lenye maji safi, utulie. Mwanzoni utaona takataka tu. Baada ya muda takataka zinaanza kutembea.

Kwenye beseni la Ondiri walikuwamo mabuu wa mikia mitatu, wale wenye matamvua pembeni mwa tumbo. Chini ya lenzi matamvua hayo yanaonekana kama vijani vyembamba viwili viwili, vinapiga mfululizo kusukuma maji mwilini. Mdudu huyo huvitegemea sana kupumua. Kila kinachoziba vijani hivyo, iwe oili, sabuni au tope laini, kinamnyonga. Ndiyo maana mtindo wa kupima mto kwa wadudu uitwao miniSASS, uliotoka Afrika Kusini na kuwafaa hata wanafunzi, humpa mdudu wa mikia mitatu wa kundi nyeti alama 11, na mwenye mikia miwili alama 17, ilhali minyoo na mabuu wa nzi hupewa 2. Unajumlisha alama za makundi uliyoyakuta, unagawanya kwa idadi ya makundi. Mwenye mikia miwili hatukumpata. Kaa, mabuu wa kereng'ende na wale wanaojijengea kijumba cha mchanga walikuwapo.

Juu ya kinamasi kuna mashamba ya mboga na vibanda vya plastiki. Viuatilifu vya jamii ya pairethroidi, vinavyouzwa katika kila duka la pembejeo, huua wadudu wa majini hata vikiwa vichache mno majini kiasi ambacho maabara nyingi haziwezi kuvipima. Asubuhi baada ya mvua maji yatakuwa yameshavipeleka, na chupa yako ya sampuli itatoka safi. Hapo ndipo wadudu wanapokuwa mashahidi wazuri kuliko chupa. Ukikuta konokono na minyoo wapo, oksijeni iko sawa, lakini mabuu wote na kaa wametoweka, shuku kiuatilifu. Konokono wakikosekana ilhali mabuu kadhaa wapo, fikiria metali, hasa shaba. Wakibaki wale tu wanaovuta hewa juu ya maji, oksijeni ndiyo iliyokwisha. Huu si ushahidi wa kupeleka mahakamani, ila unakuambia chupa inayofuata uipeleke kupimwa nini.

Jumanne: Dagoretti hadi Michuki Park

Machinjio ya Dagoretti yanalisha sehemu kubwa ya jiji kwa nyama, na maji yake machafu huteremkia vijito vinavyoingia Mto Nairobi. Damu haina sumu, na bado huua mto. Bakteria wanaoila hutumia oksijeni: lita moja ya damu ghafi huhitaji zaidi ya miligramu 100,000. Gawanya kwa ile 7.4 ya maji safi, utaona kwamba lita moja ya damu inatosha kumaliza oksijeni yote ya lita zaidi ya 13,000 za mto. Kanuni za ubora wa maji za Kenya za 2006 ziliruhusu mahitaji ya oksijeni ya miligramu 30 tu kwa lita kwa maji taka yanayoachiwa mtoni.

Chini ya hapo mawe yote yalikuwa yamevaa utando wa kijivu, laini kama sufi. Ni bakteria wa maji taka. Chini ya utando walijaa minyoo wembamba wekundu, vichwa matopeni na mikia ikipepea majini kutafuta oksijeni. Wenzao ni mabuu wekundu wa usubi, ambao wekundu wao ni himoglobini ya kushikia ile oksijeni kidogo iliyopo. Pembeni, penye maji yaliyosimama, kulikuwa na funza mwenye mkia mrefu wa kuvutia hewa kutoka juu. Ukimkuta huyu, huhitaji mita.

Tukapita Kawangware na Kileleshwa bila kusimama sana, kwa kuwa hali ilikuwa ile ile. Michuki Park, iliyopewa jina la John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira, ni mahali pazuri pa kupumzika. Miti imekua, vijana wanasoma vivulini. Ukingo umepona. Maji bado, kwa sababu yanakuja na yaliyomwagwa huko juu.

Kwa atakayefuata njia hii: pima oksijeni kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Mchana mwani hutoa oksijeni na mita itakuonyesha mto mzima wa afya, lakini samaki hufa alfajiri, oksijeni ikiwa chini kabisa.

Jumatano: Kirinyaga Road, Gikomba, Dandora

Kwenye gereji za kandokando ya mto, oili chakavu ya injini humwagwa chini au mferejini. Utando wake wa rangi rangi ni mwembamba sana ila unaweza kupunguza hewa inayoingia majini. Mkaa na masizi yaliyomo hukamata metali na kuzama nazo. Betri zikipasuliwa, metali ya risasi na asidi vinakwenda pamoja.

Hapa palitupa kazi ndefu kuliko pengine popote, kwa sababu metali haitafutwi majini. Risasi hushikamana na udongo laini na mboji, ikalala kwenye mashapo, yaani tope lililotua chini ya mto. Ukipima maji ya kiangazi utapata kidogo, ukatangaza mto ni salama. Mvua ya kwanza ya Machi inavuruga mashapo na kuyabeba yote kwa siku moja. Chota sentimita 2 hadi 5 za juu kwa kijiko cha plastiki, kamwe si cha chuma. Chota sehemu tano za mahali pamoja uchanganye. Maabara ichekeche ipate chembe chini ya maikromita 63, maana hizo ndizo zinazobeba metali. Ukilinganisha mchanga wa Kikuyu na tope la Gikomba bila kuchekecha, unalinganisha ukubwa wa chembe tu. Sampuli ya maji ya kupimia metali ichujwe, kisha itiwe asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Bila hivyo metali hugandamana na ukuta wa chupa, na majibu yanatoka madogo kuliko ukweli.

Mabuu wa usubi wa hapa wahifadhiwe pia. Kichwa kikichemshwa taratibu kwenye potashi ya asilimia 10 na kuwekwa chini ya hadubini, safu ya meno ya taya ya chini inaonekana wazi. Kwenye mashapo yenye metali baadhi yao huwa na jino lililokosekana, au mawili yaliyoungana. Ni mdudu aliyeishi, akala, akakua, na alama ya sumu ikabaki mdomoni mwake.

Gikomba tulikula chapati na madondo kwa shilingi 100. Mama aliyekuwa akiuza, alipoona glovu zilizojaa tope, alitoa ndoo yake ya maji safi na sabuni. Maji hayo huyanunua kwa mtungi. "Nawa vizuri baba, hii tope si ya kucheza nayo. Watoto wangu nimewakataza hata kuikanyaga." Alikataa kulipwa.

Dandora usiende bila vijana wa mtaa. Wana utaratibu wao wa kupeleka wageni, na malipo hukubaliwa kabla ya kuanza. Jaa hili lilifunguliwa miaka ya 1970 na lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini malori bado yanaingia. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa utafiti wa watoto 328 wa eneo hilo: nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu juu ya kiwango kilichokubalika kimataifa wakati huo. Mto unapita ubavuni mwa jaa. Maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye taka yana amonia nyingi, na beseni letu la hapa halikuwa na mnyama wa kuonekana kwa macho. Hata ile minyoo myekundu haikuwapo.

Alhamisi: Mto Ngong na Ruai

Mto Ngong hutoka Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953 na siku hizi limefunikwa na magugu maji, kisha hupita Mukuru na Industrial Area. Rangi ya maji ilibadilika mara kadhaa mchana ule ule. Wakazi wanakwambia bila kusita kwamba mambo makubwa humwagwa usiku na wikendi, wakaguzi wakiwa nyumbani. Chupa ya saa nne asubuhi Jumatano haiwezi kulikamata hilo. Mdudu aliyekaa mtoni wiki sita anaweza, na ndiyo maana ofisi inayotoza faini kwa chupa peke yake itabaki nyuma daima.

pH ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Amonia majini ina sura mbili, na moja tu ndiyo inayopenya matamvua na kuua. Kwa nyuzi 25, maji yakiwa na pH 7, sura hiyo ya sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwa pH 8 ni kama asilimia 5. Kwa pH 9 inapita theluthi. Kwa hiyo kiwanda kikiachia maji ya magadi au ya sabuni yasiyo na amonia hata chembe, amonia ya vyoo iliyokuwa imetulia mtoni inageuka sumu. Kila mmoja akipimwa peke yake ataonekana ana kosa dogo. Andika pH na joto kila unapopima amonia. Bila hivyo namba yako haina maana.

Mabwawa ya kusafishia majitaka ya Ruai yalikuwa na ndege wengi. Boda kutoka barabara kuu ilikuwa shilingi 100.

Ijumaa: Fourteen Falls

Matatu hadi Thika, nyingine ya njia ya Garissa hadi Kilimambogo, kisha boda. Jumla ilikuwa kama shilingi 400 kwa mtu. Fika asubuhi. Kabla ya kuyaona maporomoko utaona povu, vipande vizito vinavyopeperushwa na upepo hadi njiani. Sabuni za unga na mabaki yanayooza hupunguza mvutano wa uso wa maji, na maporomoko yanayapiga yakatoa povu. Yule mdudu wa miguu mirefu anayetembea juu ya maji anategemea mvutano huo huo. Tuliwatazama juu kidogo ya maporomoko, penye mkondo wa pembeni uliotulia: walikuwapo kwenye maji ya mkondo ule, wala hakuna hata mmoja aliyevuka mstari wa povu.

Magugu maji hapa hayakujileta. Yanakula naitrojeni na fosforasi za jiji. Ukiyang'oa bila kupunguza majitaka, yanarudi, na ukiyaacha yaoze humo humo, yanarudisha kila yalichokula na kumaliza oksijeni. Yatolewe hadi nchi kavu, mbali na ukingo.

Wavuvi walikuwa na kambare. Kambare anavuta hewa juu, kwa hiyo uwepo wake hauthibitishi kuwa maji ni mazima. Mvuvi mmoja aliuliza kama wanafaa kuliwa, swali linalostahili jibu la wazi: metali nyingi hujikusanya zaidi kwenye ini, figo na matamvua kuliko kwenye mnofu, hivyo sehemu hizo zitupwe na watoto wasipewe. Zebaki ndiyo huingia mnofuni, na samaki mkubwa anayekula wenzake huwa nayo zaidi.

Jumamosi yote iliishia Mombasa Road, kwenye foleni ya malori.

Jumapili: daraja la Athi, barabara ya Kibwezi hadi Kitui

Hapa ndipo mto unapoonyesha nguvu yake. Baada ya mwendo wote ule wa mawe na jua, povu lilikuwa limekwisha, na kwenye beseni walirudi kereng'ende na mabuu wa mikia mitatu, japo ni wa lile kundi linalovumilia, la alama 5. Bakteria wameshakula majitaka, na amonia imegeuzwa naitreti, kazi inayokula takriban miligramu 4.6 za oksijeni kwa kila miligramu ya naitrojeni ya amonia. Risasi na kromiamu havijaliwa na yeyote. Vimelala kwenye mashapo vikingojea mafuriko.

Juu ya hapa linajengwa Bwawa la Thwake. Bwawa hutuliza maji, na mashapo yakatua. Chini kabisa oksijeni ikiisha, tope huachia fosforasi na manganisi, na juu mwani huchipuka. Watakaoyanywa maji yale wana haki ya kuona vipimo vya mashapo tangu sasa, kabla ya bwawa kujaa, ili pawe na cha kulinganisha.

Onyo: kuna mamba. Hapa wavu tuliutumia kwenye mkondo mwembamba wa mawe tu, mwenyeji akiwa anaangalia. Kijana aliyesimama kuangalia alikuwa mchungaji, na mbuzi wake walimngoja.

Jumanne: Baricho na Sabaki

Basi la kwenda pwani liliharibika karibu na Voi tukakaa hadi jioni. Barafu iliyeyuka. Sampuli za amonia na za majitaka zikipanda joto hubadilika, kwa hiyo hizo zilitupwa. Mashapo ya metali hayadhuriki kwa hilo. Kwa wengine: barafu ya ziada inapatikana kwenye maduka ya samaki na soda Mtito Andei na Voi; mfuko ulikuwa shilingi 100. Nunueni kabla ya kuhitaji.

Baricho kuna visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa Sabaki. Maji yake yanakwenda Malindi, Kilifi na hadi Mombasa. Mchanga unachuja matope na vijidudu vizuri. Naitreti haichujwi na mchanga, na baadhi ya viuatilifu pia hupita. Mtu wa Mombasa ana sababu zote za kufuatilia kinachomwagwa Nairobi.

Tuktuk kutoka Malindi mjini hadi daraja la Sabaki ilikuwa shilingi 300. Uliza saa za maji kupwa kwa wavuvi. Ukienda maji yakijaa, matope ya mlangoni hayafikiki. Mita ndogo ya mtoni ya kupima maji yanavyopitisha umeme, ile inayoishia maikrosimensi 2,000, haifai hapa, kwa kuwa bahari ni kama 50,000. Chumvi ikikutana na maji ya mto, chembe za udongo hugandana na kuzama, hivyo metali iliyosafiri kutoka Dandora hutua hapa hapa mlangoni, penye kamba, kaa na ndege wa pwani.

Mama mmoja mvuvi wa kamba alijibu shikamoo yetu, akasikiliza maelezo hadi mwisho, kisha akatupeleka mwenyewe kwenye tope la zamani, ambalo mafuriko ya karibuni hayakuligusa. Tulipitisha hapo bomba la plastiki la sentimita 50, likizibwa juu kabla ya kung'olewa ili tope lisianguke. Tope hilo, ambalo matabaka yake ya chini ndiyo ya zamani zaidi, likatwe vipande vya sentimita 2, kila kimoja kwenye mfuko wake wenye kina na tarehe vilivyoandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu hufutwa na maji. Kutoka Malindi vipande hivyo vilirudi Nairobi kama mzigo wa basi la usiku kwa shilingi 500. Mwambie karani kabla kwamba ndani ni matope, maana kasha lisiloelezwa hufunguliwa njiani, na mifuko ikichanganyika mpangilio wa miaka yote iliyomo umepotea.